Kesi ya Busaa na Vidole vya Mama

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka vizuri, ingawa haiwezekani niwe ninaikumbuka. Ninaona ua wa ploti ya vyumba vya kupanga tuliyokaa Kiganjo, nguo zimeanikwa, kuku wa mwenye nyumba wanachakura matope, na harufu chachu ya busaa, pombe ya kienyeji, inatoka chini ya mlango wa chumba chetu. Langoni kumesimama lori la polisi, injini haijazimwa. Mwanamke anatoka chumba cha pili akipangusa mikono kwenye leso, anaelekea kwenye lori polepole kama mtu aliyeitwa kunywa chai. Wakati huo nilikuwa bado nanyonya, na saa ile hata sikuwepo; mama alikuwa amenibeba mgongoni kunipeleka kliniki kupimwa uzito. Lakini picha hiyo hunijia kila mara, hasa asubuhi za baridi hapa Ruiru, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba ya kahawa na mimi sijafungua mlango wa saiba yangu. Nimeacha kujiuliza niliitoa wapi.

Saiba ndiyo kazi yangu. Nina kompyuta chache, printa moja yenye kiburi, na benchi la kungojea. Watu huja niwajazie fomu za serikali, na fomu inayowaleta wengi ni ile ya cheti cha maadili mema, ambacho huku kila mtu anakiita good conduct. Walinzi, madereva, yaya, vijana wanaokwenda Uarabuni, wote lazima polisi waseme hawana rekodi ya uhalifu. Unaingia kwenye tovuti, unajaza, unalipa kwa simu, kisha unatoa fomu ya vidole, na lazima itoke pande mbili za karatasi moja, la sivyo utarudishwa. Unaibeba hadi Thika, vidole vinapakwa wino, halafu unangoja.

Nimegundua kwamba watu hunong'ona zaidi ndani ya saiba kuliko kanisani. Mzee mzima atakuinamia sikioni akuulize kama ile ya kushikwa na kuachiliwa bila kufika kortini inaonekana. Mwingine atasema anamuulizia rafiki yake. Mimi sina subira na wanong'onaji. Huwaambia mficha uchi hazai, jaza fomu uone. Nilikuwa nasema hivyo kwa miaka, na ulimi wangu haukuwa umenirudi bado.

Ulinirudi kwa mama yangu mwenyewe.

Dada yangu mdogo, wa mama mmoja baba mbalimbali, anakaa ughaibuni, nchi ya baridi, na alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili. Walikuwa wamepimwa, wakaambiwa ni msichana. Sasa, kwetu Wagikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake, na wa pili jina la mama mzazi wa mama yake. Wa kwanza alikwisha kumzaa bibi wa upande ule. Mimi nimejaliwa wavulana watupu. Kwa hiyo huyu aliyekuwa njiani alikuwa mama yangu hasa. Tunasema hivyo, kwamba bibi anazaliwa. Mama alitembea Kiganjo yote akiwaambia watu anaenda kujipokea. Alikuwa amesubiri zamu hiyo kwa muda mrefu, na usoni alirudi kuwa msichana.

Dada alitaka akakae naye kwa muda mrefu, alee mtoto, na katika makaratasi ya safari ya namna hiyo walidai good conduct. Mama hakuwa na shida na pasipoti, wala picha, wala daktari. Tulipofika kwa cheti hicho, magoti yakaanza kuuma. Wiki iliyofuata akasema vidole vyake vimelika kwa kuchuma kahawa, mashine haitaona kitu. Nikamwambia Thika wamezoea vidole vya kahawa. Akasema basi mvua iishe kwanza. Nikamwona anajikunja kila nikitaja wino, na mimi, kwa ujuaji wangu, nikadhani ni uzee.

Jumapili moja baada ya kanisa alikuja saiba. Nilikuwa nimefunga, naambua maharagwe mabichi mezani penye kompyuta. Aliketi kwenye benchi la wateja, kitambaa bado kichwani, akayachukua maharagwe mengine na kuyaambua bila kuniangalia.

"Mimi niko na kesi," akasema.

Nilicheka. Nikamwangalia, nikaacha kucheka.

Hapo ndipo aliponipa ile asubuhi, upande wake. Kwamba baba alipofariki alibaki na mimi mgongoni na kodi ya nyumba, na jirani wa chumba cha pili, mama mmoja aliyetoka Magharibi kufanya kazi kiwandani, akamfundisha kupika busaa. Mimi huyo jirani nilikuja kumwita Tata, kama dada wa mama, ingawa hatukuwa ndugu wala kabila moja. Pombe ilikuwa haramu lakini iliwalisha watoto. Siku mama yuko kliniki, polisi wakaja wakiwa na habari kamili: walimtaka Mama fulani, na hilo fulani lilikuwa jina langu, maana huku mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Walisimama uani wakauliza Mama huyo ni nani. Tata akatoka akasema, ni mimi.

Mama aliporudi alikuta lori limeondoka na wanawake wa ploti wamesimama uani. Walimwambia asithubutu kwenda kortini, kwani akijitokeza watafungwa wote wawili, mmoja kwa pombe na mwingine kwa uongo. Akakaa. Tata akapelekwa gereza la wanawake, na miezi yote hiyo mama aliwalisha watoto wa Tata pamoja na mimi. Lakini siku Tata alipokaribia kutoka, mama alifunga virago akahamia ploti nyingine. Tangu hapo walionana matangani tu, kwa mbali.

"Alifungwa na jina langu," mama akasema. "Huko kwa serikali mimi ni mfungwa. Nikiweka vidole, wataona jina ni langu na vidole si vyangu. Watamwendea mzee wa watu wamfunge tena kwa kudanganya."

Ninajua kidogo namna mambo haya yanavyokwenda, na nilimwambia hofu yake ilikuwa na mashimo mengi. Lakini hofu iliyolelewa muda wote huo haisikii maelezo ya saiba. Akanipa sharti moja. Nikatafute hiyo kesi kwanza, nijue imeandikwa jina gani. Ikiwa ni lake, haendi popote, na mtoto atapokelewa na wengine.

Basi nikaenda mahakama ya Thika. Watu wengi hawajui kwamba mtu wa kawaida anaweza kuingia masijala na kuomba kutafutiwa kesi. Wanadhani ni mpaka wakili. Si lazima. Unasema unachotaka, unaandika barua fupi ya ombi, unalipa ada kama ipo, unangoja. Shida ni kwamba lazima uwe na cha kushikia. Karani alikuwa msichana mpole mwenye sweta, kikombe cha chai pembeni. Aliniuliza namba ya kesi. Sikuwa nayo. Mwaka? Nikampa mwaka niliozaliwa, nikaona haya kidogo. Jina la mshtakiwa? Nikampa majina ya mama yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Aliniambia nikae nje. Jua lilikuwa limetoka, mjakaranda umemwaga maua ya zambarau mpaka kwenye ngazi, na benchi lilikuwa na joto la mtu aliyeondoka sasa hivi. Nikasinzia. Usingizi wa kortini ni usingizi wa ajabu, unasikia majina ya watu yakiitwa kwa mbali na kila moja linakuwa la mtu unayemjua. Nilimwona Tata kizimbani, kijana, leso kiunoni, na hakimu anaita jina langu mimi, na yeye anaitika. Niliamka karani akiniita.

Kwa majina ya mama hapakuwa na kitu. Karani alieleza kwa upole kwamba hilo halimaanishi lolote. Faili za makosa madogo za zamani namna ile huondolewa baada ya muda, kwa utaratibu wa kisheria. Lakini akasema atatazama tena kwenye rejista za zamani zilizobaki, labda kesi iko chini ya jina lingine. Nikamweleza habari ya jirani. Je, huyo mama mwingine aliitwa nani?

Nikafungua mdomo, nikasema "Mama", halafu jina langu. Nikajirekebisha, nikasema "Mama", halafu jina la mtoto wa kwanza wa Tata. Karani akanitazama juu ya kikombe.

"Madam, Thika hii iko na kina Mama huyo wangapi?"

Nikatoka nje nikampigia mama simu. Tata anaitwa nani kwenye kipande, kwenye kitambulisho? Nikasikia redio ya jirani yake. Mama akasema jina la mtoto wa kwanza wa Tata, tena, kana kwamba nikilisikia mara ya pili litageuka. Hakujua. Walikuwa wametenganishwa na ukuta wa mabati, wameazimana chumvi, mmoja ameingia jela badala ya mwenzake, na hakujua jina lake. Nilikasirika, na nilimwambia hivyo, pale pale chini ya mjakaranda, watu wakigeuka kunitazama. Baadaye nilijionea aibu, kwa sababu mimi niliyemwita huyo mwanamke Tata maisha yangu yote sikulijua pia.

Niliporudi ndani kuaga, karani alisema neno ambalo tangu siku hiyo nawaambia wateja wangu wote. Alisema faili hutafutwa kwa jina, lakini mtu hutafutwa kwa vidole. Kama mama anataka kujua yake, akaweke vidole. Kama anataka kujua ya mwenzake, akamuulize mwenzake.

Ndivyo tulivyokwenda Murera. Mtoto wa kwanza wa Tata alimnunulia mamake kaploti huko, kanyumba ka mawe, kuku, na viazi vitamu vimetambaa hadi barabarani. Mama alivaa kama anakwenda harusini. Alibeba kikapu cha sukari, mkate, unga na mafuta ya kupikia, na njia nzima alikikumbatia kifuani. Ardhi nyekundu ilikuwa imelowa, hewa ina harufu ya maua ya kahawa, na mimi nilihisi tunatembea kwenda nyuma badala ya mbele, kwamba tukifika tutakuta lango la ploti na lori.

Tulikuta mwanamke mwembamba anatenganisha majogoo waliokuwa wakipigana. Alitutazama, akaweka mkono juu ya macho, akamwita mama kwa jina langu. Mama huyo. Nikajiona nimesimama katikati yao mara mbili.

Salamu zilichukua muda, kama inavyotakiwa. Chai ikaja, na viazi. Waliulizana watoto, wajukuu, magoti, nani amekufa. Mama aliuliza habari za kuku kwa undani ambao kuku hawakustahili. Nikaona jua linashuka na hakuna anayekaribia jambo lenyewe, nikashindwa kujizuia. Nilimwambia Tata kwamba tumekuja kwa sababu ya ile kesi.

Mama akaweka kikombe chini.

"Siku ile kortini," akauliza, "ulisema wewe ni nani?"

Tata alimtazama kana kwamba ameulizwa kama maji hulowesha. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni, mpaka akakohoa na nikainuka kumpa maji.

"Nilisema mimi ni mimi. Ningesema nani? Wewe jina lako la kipande silijui mpaka wa leo."

Akatueleza. Pale uani alisema ndiye Mama huyo ili polisi waache kuuliza na waondoke kabla mama hajarudi na mtoto. Walipofika kituoni wakataka kipande, akatoa chake, wakaandika yaliyokuwa humo. Kortini alisema pombe ni yake, ameiweka chumba cha jirani kwa kukosa nafasi. Huo ulikuwa uongo mdogo, akasema, kwani yeye ndiye aliyemfundisha mama kuipika. Na mtoto wa kunyonya angeenda wapi? Wake walikuwa wakubwa, wangeweza kula ugali. Alisema yote haya akimenya kiazi, bila kupandisha sauti.

Kwa hiyo hapakuwahi kuwa na kesi yenye jina la mama. Muda wote huo aliogopa kivuli. Nilitazamia afurahi. Badala yake alianza kulia, bila sauti, machozi yanaingia kwenye chai, na mimi nilielewa polepole, kwa sababu mimi ni mgumu wa kuelewa mambo yasiyoandikwa. Kama Tata angetumia jina la mama, wangekuwa wameigawana ile kesi, nusu kwa nusu. Sasa ilikuwa ya Tata yote.

Nilimuuliza Tata kama iliwahi kumsumbua. Akasema mara moja tu. Shule fulani ilimtaka awe mpishi, wakapenda chapati zake, kisha wakadai good conduct. Akasema ataileta kesho, na hakurudi. Akaenda kuuza mahindi ya kuchemsha kule Kamakis mpaka miguu ilipokataa. Nilimwambia, kwa sauti yangu ya saiba, kwamba naweza kumsaidia kuomba rekodi yake, tuone kama bado ipo, na kama ipo tuulize la kufanya. Akanipungia mkono. Yake anaijua, akasema, alishaitumikia. Hana haja ya karatasi kumwambia.

Kisha akamgeukia mama, na uso wake ukabadilika kwa mara ya kwanza.

"Mimi kufungwa sikukasirika. Nilikasirika ulipohama. Nilitoka na hamu ya kukuona, nikakuta watu wengine kwa nyumba yako."

Mama alisema aliogopa kumwangalia. Tata hakumwambia kwamba si neno. Kuku walipanda kulala mmoja mmoja. Mwishowe mama akajifuta kwa ncha ya kitambaa, akasogeza kiti karibu.

"Unaitwa nani?" akauliza.

Tata akamwambia, majina matatu. Mama akayarudia taratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kisha akamwambia yake, na Tata naye akayarudia. Nilikuwa nimeona watu wengi wakitamka majina yao kamili mbele yangu, ndiyo kazi yangu, lakini sikuwahi kuona yakipokelewa.

Wiki hiyo hiyo tulikwenda Thika kuweka vidole. Wanakushika kidole kimoja kimoja na kukiviringisha juu ya karatasi, na ukijaribu kusaidia unaharibu. Askari alimwambia mama alegeze mkono. Hakuweza. Kila kidole alikisukuma mwenyewe, kwa bidii, na kila mara kikatoka na ukungu. "Wacha kunisaidia, mum," askari akasema, "niachie tu." Mama akafunga macho. Nilimwona anashusha mabega, na mkono wake ukalala ndani ya mkono wa yule askari kama wa mtoto aliyesinzia, na mistari ikatoka yote, hata ile iliyolika kwa kahawa.

Cheti kilikuja kikiwa safi. Nilikitoa kwenye printa yangu nikampa kikiwa bado na joto. Alikisoma, akauliza kama ni hicho tu, akakikunja akakiweka kwenye Biblia.

Alisafiri akawahi. Mtoto alizaliwa salama, na jioni moja nikiwa nafunga saiba dada alinipigia, amechanganyikiwa. Mama alikuwa amekataa mtoto apewe jina lake. Alisema zamu yake apewe mtu mwingine, na akataja jina la kwanza la mwanamke ambaye dada hajawahi kumwona, la kabila lingine kabisa, lisilo katika ukoo wetu wala wa mumewe. Dada aliniuliza kama mama anaumwa. Nikamwambia hapana, na nikamwambia mtoto aitwe hivyo. Nilikuwa nalia, na sikujaribu kuficha. Najua mama alivyoingoja zamu hiyo.

Nikapanda boda hadi Murera nikiwa na simu yenye chaji, kwa sababu mama alitaka kumwambia mwenyewe. Tata aliishika simu mbali na uso, kama wazee wanavyoishika, na mama akaonekana humo, sweta mbili, kifurushi kidogo mikononi. Akasema mtoto anaitwa nani.

Tata aliisogeza simu karibu na uso. Kisha akauliza, na wewe je? Si ilikuwa zamu yako?

"Ichukue wewe," mama akasema. "Ulishaichukua siku ile ya lori."

Tata aliniangalia, akaiangalia simu, akapangusa mkono wake mtupu kwenye leso. Halafu akauliza mtoto amezaliwa na kilo ngapi.